Muhuri wa R7 kwenye kijiko cha fedha: ni 1919 au 1970?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimenunua kijiko kikubwa cha kupakulia kwenye soko la mitumba hapa Göteborg, Uswidi. Nyuma ya mpini kuna mihuri mitano midogo: CGH, taji, kichwa cha mtu, S na R7. Jedwali moja linasema R7 ni 1919, jingine linasema 1970. Lipi la kuaminika? Na CGH ni nani?

JIBU: Njema, karibu. Majedwali yote mawili ni sahihi, ila moja ni la Uswidi na jingine la Ufini. Nchi hizi mbili zinahesabu miaka kwa mtindo mmoja: herufi moja kila mwaka, jumla 24 bila J wala W, na namba inayoonyesha ni mzunguko wa ngapi. Mzunguko wa 7 wa Uswidi ulianza 1903, wa Ufini ulianza 1954. R ni herufi ya 17, basi ongeza 16: unapata 1919 au 1970. Ukiihesabu J kwa mazoea utakosea kwa mwaka mmoja, na kosa hili ni la kila siku.

Kwa hiyo usifungue jedwali kabla hujaitazama ile taji. Ukiona taji tatu ndogo, mbili juu na moja chini, ndani ya ngao ya duara tatu zilizoungana, hiyo ni Uswidi. Taji moja ndani ya moyo ni Ufini, na aghalabu kando yake utakuta namba ya usafi wa fedha yenye H, kama 813H. Kwenye kijiko chako S inasaidia pia: Uswidi ilianza kuigonga 1912, ndani ya umbo la pembe sita, kwa fedha isiyopungua sehemu 830 katika 1000. Kijiko cha Kiswidi cha 1888 (K6) hakitakuwa nayo, na hilo si dosari.

Kichwa chenye taji ni cha Mtakatifu Erik, alama ya Stockholm. Sasa ndipo CGH inasomeka: ni C.G. Hallberg, karakana ya Stockholm. Fuata utaratibu huo huo siku zote, nchi, mji, mwaka, halafu sonara, kwa sababu herufi zile zile ziliwahi kutumiwa na masonara tofauti katika miji tofauti. Anayeanza na herufi za sonara hujikuta na majina matano na hana pa kushika.

Kabla ya kusoma, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, kisha paka unga wa chaki juu ya mihuri na ufute kwa kidole. Chaki hubaki ndani ya mistari. Tumia lenzi ya kukuza mara 10, na tochi iwake kutoka ubavuni, si juu. Usisugue kwa dawa ya kung'arisha: mihuri iliyolika hairudi, na Q hugeuka O.

Vitu vya Denmark vina mtego wake. Minara mitatu yenye tarakimu mbili chini yake ni muhuri wa ukaguzi na mwaka. CFH kando yake si sonara, ni mkaguzi Christian F. Heise, 1904 hadi 1932. Wauzaji wengi humtaja kama mtengenezaji. Nayo 830S peke yake haikuambii nchi, maana hugongwa Norwei na Denmark pia.

Ukikuta NS au ALP, hiyo ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha, hata kama jina la kampuni ni kubwa. GAB, kampuni ya masonara ya Stockholm, iligonga jina lake kwenye aina zote mbili, fedha halisi na iliyopakwa. Sumaku haitakusaidia hapo, kwani aloi hiyo nayo hainaswi.

Tazama taji kwanza. Zikiwa tatu, kijiko chako ni cha 1919.