Usubiri ID. Polo au ununue la umeme lililotumika? Nilivyosubiri mimi

Mkuu, umeuliza kama usubiri ID. Polo, gari dogo jipya la umeme la Volkswagen, au ununue gari la umeme lililotumika sasa hivi, kwa kuwa lako la petroli limechoka na unaishi ghorofa ya kupanga huko Dortmund, Ujerumani. Mimi nipo Bochum, na nilisubiri sana.

Machi 2023 Volkswagen walipolionyesha Hamburg, wakati huo likiitwa ID.2all, na kuahidi bei ya chini ya euro 25,000, nilihifadhi picha yake kwenye simu nikamwambia mke wangu, "Hili ndilo letu." Jina la ID. Polo limekuja Septemba 2025. Katikati hapo gari letu la zamani lilikuwa linamaliza hela gereji: leo klachi, kesho bomba la moshi. Mwaka 2024 nikakata shauri, nikachukua la umeme lililotumika, betri ya kilowati-saa 52.

Kosa langu lilikuwa kununua gari kabla sijajua nitalichajia wapi. Nilitegemea nguzo ya kuchajia mtaa wa pili. Usiku mmoja wa Desemba natoka kwenda shifti kwenye nyumba ya wazee, chaji asilimia 14, nafika pale kioo cha nguzo kimezima kabisa. Waya ulikuwa umekakamaa kwa baridi, haukunjiki. Nilizima hita, nikaendesha na glavu mkononi, macho hayabanduki kwenye ile namba. Nilifika na asilimia 5. Na ujue baridi peke yake inapunguza umbali: gari linalonipa kilomita 320 kiangazi, majira ya baridi hunipa 230 hivi.

Sasa hesabu. Natembea kilomita 60 kwa siku, kama kilowati-saa 10. Nyumbani nalipa senti 32 kwa kila moja, yaani euro 3 na ushee. Kwenye chaja za kasi za barabarani nilikuwa nalipa senti 69, karibu euro 7. Siku 22 za kazi, tofauti inazidi euro 80 kwa mwezi. Ukikosa pa kuchajia nyumbani, unafuu wa gari la bei poa unauona siku ya kununua tu.

Wengi wetu hatujui kwamba Ujerumani, tangu Desemba 2020, mpangaji ana haki ya kumtaka mwenye nyumba amruhusu kufunga chaja kwa gharama zake mwenyewe. Wangu alikaa kimya kwa barua ya kwanza. Ya pili nikautaja ule mwaka na sheria, wiki iliyofuata akakubali nifunge kwenye gereji ninayokodi. Chaja ya kilowati 11 pamoja na fundi ilinigharimu euro 1,500 hivi. Ya ukubwa huo inaandikishwa tu kwa kampuni ya mtandao wa umeme, huombi kibali chao.

Kuhusu bei ya matangazo, tazama Renault 5, gari dogo la umeme la Kifaransa. Ilianza kuuzwa na betri kubwa, ya bei ya juu. Ile ya betri ndogo, ya euro 25,000 hivi, ikafuata 2025, na toleo la chini kabisa wakati huo halikuwa na uwezo wa kuchaji kwa kasi. Kwa hiyo ID. Polo ikifika kwa muuzaji, uliza kwanza: hii ya bei ya chini ina betri gani, na inachaji kwa kasi?

Kama gari lako bado linavuta hata mwaka mmoja, subiri. Hata mimi bado nalitaka lile gari, kwa sababu familia imeongezeka na buti lake la mizigo Volkswagen walilitangaza lita 490 kwenye gari la mfano. Kama limekufa, chukua lililotumika, lakini dai cheti cha afya ya betri kabla hujatoa hata senti.

Wiki hii mwandikie mwenye nyumba, kwa barua ya posta siyo simu. Akijibu, rudi hapa uniambie unaendesha kilomita ngapi kwenda kazini na unaegesha wapi, tupige hesabu yako pamoja.