Kabla ya kurenda jumba, chora chumba unacholala

Wengi wanaoniuliza waanze na programu gani ya kuchora nyumba kwa 3D huwa wameshaona mtandaoni picha iliyorendwa, yaani mchoro uliogeuzwa picha yenye mwanga na vivuli kama halisi: jumba jeupe, bati limefichwa, bwawa mbele. Wanaitaka picha hiyo wiki ijayo. Jibu langu huwakera: chukua futi kamba, pima chumba unacholala.

Chumba chako unakijua, kwa hiyo ukikosea utaona mwenyewe. Jumba la kufikirika halikusuti. Mlango upana wake ni kama sentimita 90, kimo 210. Ukuta wa tofali la inchi 6 ukishapigwa lipu pande zote unafika sentimita 18 hivi. Anayeanza huchora ukuta usio na unene, kisha anashangaa mbona dirisha limekaa kama limebandikwa.

Anza na SketchUp ya bure ya kwenye kivinjari, mradi una bando. Unachora mstatili, unauvuta juu kwa zana ya Push/Pull, ukuta umesimama. Blender nayo ni ya bure, ina nguvu zaidi na inarenda yenyewe, ila mwanzoni vitufe vyake vinakatisha tamaa. Revit na ArchiCAD zisubiri mpaka uanze kuchora ramani za kujengea.

SketchUp ina tabia moja ya kuishika mapema: mistari ikigusana inashikana. Ukimaliza ukuta, ufanye kundi (Group), yaani kitu kimoja kinachojitegemea, kabla hujagusa kitu kingine, la sivyo utasogeza kabati na ukuta ufuate. Madirisha yanayofanana yafanye komponenti (Component), yaani nakala zilizounganishwa: ukirekebisha moja yote yanabadilika.

Sasa kurenda. Hapa ndipo watu wanakimbilia kununua kompyuta mpya. Ni kweli, programu za kurenda kama Lumion au Twinmotion bila kadi nzuri ya grafiki ni mateso. Lakini picha mbaya ninazoletewa nyingi zinaharibiwa na jua. SketchUp, usipoiambia eneo, huchukua jua la Boulder, Colorado, mji ilikozaliwa, digrii 40 kaskazini mwa ikweta. Huko jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Dar es Salaam tuko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta: Juni jua la saa sita mchana liko kaskazini, Desemba liko kusini. Baraza inayotazama kaskazini, uliyoipamba kwa kivuli kizuri kwenye picha, mwenye nyumba ataketi pale Julai na jua linamwangalia usoni. Mteja hataiona kasoro hiyo kwenye picha; ataijua akishahamia. Basi weka eneo la kiwanja, tarehe na saa. (Saa ya programu ni ya Kizungu: saa kumi jioni ni 16:00, na mimi huipenda hiyo kwa sababu vivuli vimerefuka.)

Kamera iweke kwenye kimo cha macho, mita 1.6. Picha za kutoka angani zinavutia, lakini hakuna anayeingia nyumbani kwake kwa kuruka.

Majaribio yote fanya kwa picha ndogo, kuta zikiwa za kijivu tupu. Mwanga ukikaa sawa, ndipo ulete rangi, vigae, na miti mwisho. Miti iwe michache: majani yake ndiyo yanayoelemea leptopu ya RAM GB 8 kuliko nyumba yenyewe.