CO imezidi kwenye ukaguzi: usikimbilie masega

Gari la petroli likikwama kwenye ukaguzi wa moshi kwa sababu ya CO (gesi ya kaboni monoksidi), watu huuliza kama wanunue masega mapya, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi. Hapana, usinunue kwanza. CO ikizidi, mara nyingi maana yake injini inakula mafuta mengi mno kwa hewa inayoingia, na masega mapya ukiyafunga hapo yatakufa kama ya zamani. Anza na oksijeni sensa (inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi), kisha filta ya hewa na sensa ya joto la maji. Themostati nayo ikikwama wazi, injini haipati moto, kompyuta inadhani bado ni baridi na kuendelea kumwaga petroli. Mimi ni fundi, na hilo la themostati watu wengi hawaliangalii kabisa. Chomoa plagi uzitazame: zikiwa na masizi meusi makavu, jibu unalo mkononi.

Kama karatasi ya ukaguzi inaonyesha haidrokaboni (petroli isiyoungua) ndiyo iliyozidi, hapo tafuta misi, yaani silinda isiyochoma mafuta vizuri: plagi, waya au koili.

Siku ya kurudia, fika injini ikiwa ya moto kweli, maana masega hayafanyi kazi chini ya nyuzi 250 hivi.

Dizeli ni habari nyingine, huko wanapima moshi.