Jibu: Safari ya Maralal kuiona nyumba ya Mzee Kenyatta

Waalaikum salaam, mwalimu. Umeuliza kama inafaa kuwatoa watoto Malindi hadi Maralal kuiona nyumba aliyokaa Mzee Jomo Kenyatta. Inafaa sana, ila msiiendee kama ikulu. Ni nyumba ya kawaida tu, na hapo ndipo uzito wake ulipo. Mzee aliletwa kutoka Lodwar Aprili 1961, bado yuko kizuizini mwa serikali ya kikoloni. Tarehe 11 mwezi huohuo waandishi wa habari wakaruhusiwa kumwona na kumhoji, baada ya miaka mingi ya kufichwa kaskazini. Viongozi wa vyama vya siasa vya KANU na KADU nao wakamfuata hukohuko. Agosti akarudishwa nyumbani kwake Gatundu. Wasimulie watoto haya kabla hamjaondoka, wakifika wataona zaidi ya kuta na vyumba.

Njia ni Mombasa, Nairobi, halafu Nyahururu na Rumuruti. Na watoto usiiunganishe kwa siku moja. Laleni Nairobi, na ikibidi Nyahururu pia. Na masweta, tafadhali! Watoto wetu wa pwani hawaijui baridi ya nyanda za juu, na Maralal asubuhi inauma kwelikweli.

Nyumba iko chini ya Makumbusho ya Taifa, walewale wanaosimamia magofu ya Gede. Kwa hiyo anzia kwao hapa Malindi, uulize kiingilio cha wanafunzi na barua ya shule iandikweje. Watu wazima wabebe vitambulisho, maana raia halipi sawa na mgeni.