Mkojo Mweusi Si Sumu Inayotoka

Shangazi, wiki ya kumi sasa natumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza mwili. Kilo zimepungua kweli, lakini nachoka, chakula sikitaki, mwili unawasha na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Aliyeniuzia anasema ni sumu inatoka, nikaze moyo. Je, niendelee?
Mwenye Hofu

Mwanangu, usimeze hata kimoja zaidi, na leo hii nenda hospitali. Usingoje macho yawe ya njano.

Muuzaji amekupotosha. Rangi hiyo ni bilirubini, taka ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Ini lenye afya huitoa kupitia nyongo hadi kwenye choo. Ini likiumia, taka hiyo hurudi kwenye damu, na figo huichujia kwenye mkojo. Ndiyo maana mkojo unakoza, na pengine choo kinapauka. Kwa hiyo hakuna sumu inayotoka. Kuna taka iliyokosa njia.

Beba chupa yenyewe na vidonge vilivyobaki. Omba upimwe ALT na AST, vimeng'enya vinavyovuja ini likiumia, bilirubini na INR, kipimo cha kuganda kwa damu, pamoja na virusi vya homa ya ini, maana dalili zinafanana. ALT ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida na bilirubini mara 2, huenda ukalazwa. Kubali.

Soma kibandiko. Dondoo la chai ya kijani? Chai ya kikombe haina neno, ila kidonge hubeba dondoo lililokolezwa, na ukikimeza tumbo tupu, kingi zaidi huingia kwenye damu. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilihusisha miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, kiini cha chai hiyo, na dalili za ini kuumia. Garsinia, dondoo la tunda linalotiwa kwenye vidonge hivi, nayo imewaumiza watu. Tena vingine huchanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010. Neno "asilia" halikulindi.

Pombe iache kabisa, na parasetamoli usinywe bila kumuuliza daktari. Ukianza kuchanganyikiwa, kusinzia ovyo, kutokwa damu kwenye fizi au kuvimba tumbo, ni dharura hata kama ni usiku wa manane.

Wengi hupona wakiacha mapema, ingawa huchukua wiki hadi miezi, na vipimo hurudiwa mpaka vitulie. Ukishapona usivijaribu tena hata nusu dozi: mara ya pili ini huweza kuumia upesi na vibaya zaidi.