Impreza WRX STI: lile la miaka ya 1990 au lililokuja baada ya 2007?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Uyole, Mbeya, na kazi yangu hunipeleka Tukuyu na Iringa mara kwa mara, wakati mwingine nikiwa na mke na watoto. Nimekusudia kuagiza Subaru Impreza WRX STI kutoka Japani. Rafiki zangu wamegawanyika: wengine wanasema Subaru halisi ni ile ya miaka ya 1990, wengine wananishauri nichukue iliyotoka baada ya 2007. Tofauti yao hasa ni nini, na ipi itanifaa?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, wanaolisifu gari la zamani wanastahili kusikilizwa. Kizazi cha kwanza, kinachojulikana kwa namba GC8, kilianza kuuzwa mwaka 1992, na ndicho kilichompa dereva Colin McRae ubingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1995 na ushindi wa Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997. STI za mwisho za kizazi hicho zilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280 katika gari lenye uzito wa takriban kilo 1,250, ilhali STI iliyoanza kutoka mwaka 2007, inayojulikana kwa namba GRB, yenye injini ya lita 2.0, ina nguvu za farasi 308 lakini inabeba takriban kilo 1,480. Ukigawanya nguvu kwa uzito, gari la zamani bado linaongoza, na dereva wake huhisi kila changarawe kupitia usukani.

Hata hivyo, kwa safari ulizozieleza, mimi ningechagua GRB bila kusita. Umbali kati ya ekseli zake ni milimita 2,625 dhidi ya 2,520 za GC8, na mfumo wa shokapu za nyuma ulisanifiwa upya, hivyo tairi hubaki limekanyaga lami hata kona inapokuwa na mashimo. Katika mvua za Rungwe, au unapoteremka mlima ukiwa nyuma ya malori na ghafla mmoja wao anafunga breki, utulivu huo una thamani kuliko wepesi. GRB pia ina mfumo wa kompyuta unaofunga breki ya tairi moja moja gari linapoanza kuteleza, jambo ambalo GC8 haina kabisa. Ukiwa na watoto kiti cha nyuma, hilo peke yake lingenitosha kuamua.

Kuhusu mwinuko, vizazi vyote viwili vinakufaa. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa nyepesi kama hiyo injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu waziwazi, lakini turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuisukuma hewa ndani.

Unapoagiza, soma maelezo ya injini kwa makini sana. Ipo STI iitwayo A-Line, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2009, yenye gia za otomatiki na injini ya lita 2.5. Sura yake ni ileile, lakini haina kitufe cha kurekebisha difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, na kwa kuwa injini yake inazidi cc 2,000, ushuru wa bidhaa utakuwa mkubwa zaidi. Injini hiyo ya 2.5 inajulikana pia kwa udhaifu wa pistoni: petroli ikiwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, kingo nyembamba zinazoshika ringi hupasuka, kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, hushuka, na moshi wa bluu huanza kutoka. Injini ya 2.0 nayo si ya kuchezewa, kwa sababu ilitengenezwa kwa petroli ya Japani yenye oktani 100, yaani kipimo cha uwezo wa petroli kutowaka kabla ya wakati; weka petroli yenye oktani ya juu kadiri unavyoweza kuipata, na usikubali fundi yeyote akuongezee presha ya turbo.

Gari likifika, kabla ya kulipeleka safari ndefu, mwombe fundi apime kompresheni ya silinda zote nne na kulinganisha namba zake, abadilishe oili na filta, na aukague mkanda wa taimingi. Ikiwa hakuna kumbukumbu ya lini ulibadilishwa, ubadilishwe mara moja, kwa maana ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Klachi na matairi vinaweza kusubiri mwezi ujao.