Kijapani na Kidenmaki vinazungumzwa wapi? Majibu kwa wasomaji

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu lugha hizi mbili, ambazo ni nadra kuwekwa kwenye mizani moja. Maswali yao nimeyafupisha, na kila jibu linafuata swali lake.

Kati ya Kijapani na Kidenmaki, ni lugha ipi iliyoenea zaidi duniani?

Jibu linategemea kama tunahesabu watu au tunahesabu mahali ambapo lugha ina hadhi. Wasemaji wa Kijapani ni takriban milioni 125, na karibu wote wanaishi Japani. Wale wa Kidenmaki wanakaribia milioni 6. Tukivuka mipaka ya nchi hizo, hata hivyo, mizani inainamia upande mwingine. Kidenmaki kina nafasi ya kisheria au ya kielimu katika Visiwa vya Faroe na Greenland (maeneo yanayojitawala ndani ya Ufalme wa Denmaki), nchini Iceland na kaskazini mwa Ujerumani, na tangu 1973, Denmaki ilipojiunga na jumuiya ambayo leo ni Umoja wa Ulaya, ni lugha rasmi ya chombo hicho. Kijapani, pamoja na wingi wa wasemaji wake, hakina nchi ya pili ambayo serikali yake inaendeshwa kwa lugha hiyo.

Nilisoma kwamba kuna mahali nje ya Japani ambako Kijapani ni lugha rasmi. Je, ni kweli?

Ni kweli. Mahali hapo ni Angaur, jimbo dogo la Palau katika Bahari ya Pasifiki, ambalo katiba yake inakitaja Kijapani pamoja na Kipalau na Kiingereza. Wakazi wake hawafiki mia mbili, na lugha za majumbani ni hizo mbili nyingine. Japani iliitawala Palau tangu 1914 hadi Vita vya Pili vya Dunia, na alama iliyo hai zaidi ya utawala huo imo ndani ya Kipalau chenyewe, ambacho hadi leo kinatumia maneno mengi ya Kijapani kwa mambo ya kila siku kama umeme na chakula cha kufungasha.

Je, watu wa Greenland huzungumza Kidenmaki?

Wengi wanakijua, lakini si lugha yao. Tangu tarehe 21 Juni 2009, sheria ya kujitawala ilipoanza kutumika, lugha rasmi ya huko ni Kigreenland peke yake, lugha ya jamii ya Kiinuit isiyo na undugu wowote na Kidenmaki. Hata hivyo Kidenmaki kinafundishwa shuleni, kinasikika hospitalini na maofisini ambako wataalamu wengi hutoka Denmaki, na kijana anayekwenda kusoma chuo kikuu Copenhagen hawezi kukikwepa. Nadhani msomaji wa Tanzania, aliyesoma msingi kwa Kiswahili na kisha akakutana na Kiingereza sekondari, anauelewa mzigo huo bila kuelezwa sana. Katika Visiwa vya Faroe, sheria ya 1948 inakitambua Kifaroe kuwa lugha kuu, huku ikiagiza kwamba Kidenmaki nacho kifundishwe vizuri.

Denmaki ilikuwa na makoloni Karibi na ngome Afrika Magharibi. Kwa nini Kidenmaki hakikubaki huko?

Hili ndilo swali lililonigusa zaidi, kwa sababu linaonyesha kuwa bendera peke yake haifundishi mtu lugha. Katika visiwa vya St. Thomas, St. John na St. Croix, Kidenmaki kilikuwa lugha ya gavana na ya nyaraka zake. Wenye mashamba wengi walikuwa Waholanzi na Waingereza, na Waafrika waliotumikishwa humo utumwani walijijengea krioli (lugha mpya inayozaliwa kwa kuchanganya lugha) yenye asili ya Kiholanzi, ambayo wamisionari waliitumia kuhubiri na hata kuichapishia Agano Jipya mwaka 1781. Serikali ya Denmaki ilipofungua shule za watoto wa watumwa katika karne ya 19, lugha iliyochaguliwa kufundishia ilikuwa Kiingereza. Kwa hiyo Marekani iliponunua visiwa hivyo mwaka 1917 kwa dola milioni 25, Kidenmaki kilibaki katika majina ya miji kama Christiansted na Frederiksted. Huko Accra, ngome ya Christiansborg iliuzwa kwa Waingereza mwaka 1850, na lugha ikaondoka na wenyewe.

Japani ilifanya kinyume chake. Taiwan, iliyotawaliwa kati ya 1895 na 1945, ilijengewa shule za Kijapani hadi vijijini milimani, na jamii za wenyeji ambazo lugha zao hazikufanana zikaanza kukitumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Baadhi ya wazee waliendelea hivyo miongo mingi baada ya mtawala kuondoka. Korea nayo ililazimishwa Kijapani shuleni, lakini huko lugha ilichukiwa kama pingu, na baada ya uhuru wa 1945 ilitupwa kwa makusudi.

Wajapani wa Brazil bado wanazungumza lugha yao?

Vizazi vya mwanzo vilizungumza. Meli ya Kasato Maru ilitia nanga Santos, bandari ya Brazil, tarehe 18 Juni 1908 ikiwa na wahamiaji 781, na leo uzao wa Wajapani Brazil ndio mkubwa kuliko wote nje ya Japani. Serikali ya Getúlio Vargas, rais wa Brazil wakati huo, ilipozibana shule za lugha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1930, mnyororo ulikatika, na wajukuu wengi sasa huzungumza Kireno.

Nikitaka kujifunza lugha moja kati ya hizi, ipi itanifikisha mbali?

Kwa Kijapani utapata wenzako wengi: hesabu ya 2021 ya Japan Foundation, taasisi ya Japani inayokuza lugha na utamaduni wake ng'ambo, ilikuta wanafunzi wapatao milioni 3.8 katika nchi na maeneo 141. Kidenmaki kina wanafunzi wachache, lakini atakayekimudu ataweza pia kusoma magazeti ya Norwei, kwa kuwa maandishi yanayotumiwa na Wanorwei wengi yalichipuka kutoka Kidenmaki katika muungano wa nchi hizo uliovunjika mwaka 1814. Kuwaelewa wanapozungumza kutahitaji muda zaidi.